Kungu na Ukungu

Nakumbuka siku moja nilisimama katikati ya shamba la mama yangu huku Mbuji, jembe mkononi, kiuno kinauma, nikatazama kule chini ziwani nikaona moshi. Moshi kweli kweli, mwanangu. Mweusi, mrefu, umesimama wima juu ya maji, mbali huko, karibu na ng'ambo. Na haukuwa mmoja. Ilikuwa mitatu. Nilihesabu mara mbili, maana shule sikwenda lakini vidole ninavyo.

Kaa kwanza. Tangu asubuhi unaingia unatoka, unaingia unatoka, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Hicho kiti hakina miiba. Haya, hutaki kukaa, simama hapo mlangoni basi, lakini sikiliza. Pasipoti umeshaipata Songea, begi umeshafungasha, nimeliona chini ya kitanda, usidhani bibi yako haoni. Sikukatazi. Nataka nikusimulie tu jinsi mimi nilivyoamua kuhama nchi, halafu na wewe uamue yako.

Nilikuwa na umri kama wako. Kuolewa bado. Baba alishafariki, nyumbani tukabaki mimi na mama. Ilikuwa wakati wa ngoro. Wewe ngoro umechimba, unazijua, lakini wenzako wa mjini wakisikia habari hii hawataelewa, ngoja niwaambie na wao. Mlima wetu umesimama kama ukuta. Ukilima hivi hivi, mvua moja tu inabeba shamba lote. Kwa hiyo wanaume wanafyeka majani, yakinyauka wanayapanga chini kwa mistari inayokatana, kama nyavu. Halafu wanaume wanajipangusa mikono wanakwenda zao, wanasema kazi imekwisha! Ndipo sisi wanawake tunaingia. Unachimba katikati ya kila kijumba cha nyavu hizo za majani, udongo unautupa juu ya majani, unafukia. Panabaki shimo, ndiyo ngoro hiyo, na matuta yanalizunguka. Mlima mzima mashimo. Mvua ikinyesha, maji yanatulia mle ndani, na juu ya matuta unapanda maharage.

Basi baba mdogo alikuwa ametupangia majani mlima mzima. Kufukia ni mimi na mama. Na mama alikuwa mtu wa maneno machache, neno moja, jembe moja. Nikamwambia, "Mama, tazama ule moshi." Hakuinua kichwa. "Chimba." Pu! "Mama, iko mitatu!" "Chimba." Pu!

Lakini miguu ilishaanza kuwasha. Wewe unaijua hiyo hali, nakuona. Unakula lakini akili haiko kwenye chakula. Mtu anakusalimia unaitikia kitu kingine. Kila ukiinua jembe unatazama ziwani. Siku nyingine hakuna kitu, maji tu yanang'aa kama bati jipya. Siku nyingine, huo hapo, umesimama. Nikawaza: moshi wa kupikia hauwi mkubwa hivyo. Moto wa msituni nao si wakati wake, mvua bado zinanyesha. Sasa mimi maishani mwangu nilikuwa nimeona kiwanda kimoja tu, cha kukoboa kahawa, nacho kilikuwa kinatoa moshi. Nikajumlisha. Moshi mmoja, kiwanda kimoja. Mioshi mitatu, viwanda vitatu. Cheka, cheka tu. Mwenyewe nilijiona nina akili kuliko padri.

Nikamtafuta mtu wa kumwuliza. Alikuwepo kijana wa jirani anaitwa Kastori. Alikaa Malawi miaka miwili, akarudi na miwani myeusi na suruali pana chini, akitembea anafagia njia. Alikuwa anaongea puani, hivi: "Agh, Mbuji. Mbuji kuna nini, dada? Kuna miteremko tu."

Nikamwambia, "Kastori, ule moshi wa ng'ambo ni wa viwanda?"

Akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa. "Kule, dada? Kule kila kitu kipo."

"Viwanda?"

"Eee. Viwanda."

"Na wanawake wanachukuliwa?"

"Eee. Wanawake ndio hasa."

"Na mtu wa Mbuji hawezi kukosa kazi?"

"Eee... yaani hapana. Hawezi."

Sasa angalia, mwanangu. Neno viwanda nani kalitoa? Mimi. Neno wanawake nani kalitoa? Mimi. Yeye kazi yake ilikuwa eee tu. Moyoni nilikuwa nimeshaondoka siku nyingi, nilikuwa natafuta mtu wa kunisukuma mgongoni. Na mtu mwingine wa kumwuliza alikuwepo. Kila wiki mzee mmoja alikuwa anapandisha samaki wakavu kutoka Lipingo, kule ziwani, mtu aliyezaliwa ziwani, akazeekea ziwani. Alikuwa anapita mbele ya mlango wetu, namsalimia, "Shikamoo," anaitikia, "Marahaba, binti." Nilimwuliza? Wala. Akikaribia, mimi naingia jikoni. Nilikuwa naogopa jibu lake.

Siku hiyo jioni nikamwambia mama naenda ng'ambo. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nimepanga na machozi kabisa. Mama akasema, "Nenda."

Nikabaki na machozi yangu niliyoyapanga.

"Nenda," akasema tena. "Lakini majani yameshapangwa. Tufukie kwanza, tupande. Wiki tatu. Ndipo uende."

"Mama, nafasi zitajaa."

"Za nini?"

"Za viwandani."

Akanitazama muda mrefu, nadhani ndiyo siku aliyonitazama kuliko siku zote. "Umemwuliza nani?"

"Kastori."

"Kastori alifanya kazi kiwanda gani?"

Mwanangu! Kumwuliza yote yale, hilo sikumwuliza. Nikasema nitamwuliza kesho, na kesho yake sikumwuliza.

Sasa hapa usinitazame, tazama huko nje. Asubuhi moja mama alipokwenda mtoni kuchota maji, nilipanda darini jikoni nikashusha mfuko wa maharage. Maharage ya mbegu, yale yaliyokuwa yakikaa juu ya moshi wa jiko letu ili yasiliwe na wadudu. Nilihitaji kitu cha kumpa mwenye boti, na nyumbani kitu kingine hakikuwepo. Nikajitwika, nikashuka mlima. Siku mbili kwa miguu. Kila nilipogeuka nyuma niliuona mteremko wetu, nusu mweusi umefukiwa, nusu una majani makavu yaliyopangwa vizuri yakisubiri udongo. Nikaacha kugeuka.

Lipingo nikampa mwenye boti maharage, akanionyesha pa kukaa, juu ya magunia. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa kijiji cha Kihagara, mnene, anakwenda kumwona binti yake aliyejifungua huko ng'ambo. Sauti yake ilikuwa nzito kama ya mwanaume, na kunong'ona alikuwa hajui. "BINTI, SOGEZA MGUU WAKO HUO." Ndiyo alikuwa ananong'ona hapo.

Tukaenda. Injini inakohoa, maji yametulia kama yako kwenye beseni. Milima yetu ikawa midogo nyuma. Mimi macho mbele tu. Mara nikauona! Kule kule mbele yetu, mweusi, wima. Nikasimama ndani ya boti. "Vile! Vile viwanda!"

Boti likayumba. Mwenye boti akafoka, "Kaa chini wewe! Hapa si mlimani kwenu!"

"VIWANDA GANI?" akauliza mama wa Kihagara.

"Vile pale. Vinavyotoa moshi."

Watu wakatazamana. Yule mama akaniuliza polepole, kama unavyomwuliza mgonjwa, "UNATOKA WAPI, BINTI YANGU?"

"Mbuji."

"AHAA," akawaambia wote, "ANATOKA MBUJI HUYU." Na wote wakatikisa kichwa, kama vile sasa mambo yameeleweka. Halafu wakacheka. Mwenye boti alicheka mpaka akaachia usukani.

"Binti, zile ni kungu," akaniambia akijifuta machozi.

"Ukungu?" nikasema. "Ukungu naujua mimi. Kwetu kila asubuhi uko mlangoni. Ukungu haukai hivyo."

"Siyo ukungu. Kungu! Kungu!"

Na wakati tunabishana, kiwanda kikaanza kutembea. Naapa, kiliinama, kikapinda, kikaanza kutufuata. Nikaona na vingine viwili nyuma yake vinakuja. Mama wa Kihagara akachukua ungo wake akaulowesha maji, akanivuta kitenge akanifunika mdomo. Tukaingia ndani ya moshi. Wadudu, mwanangu! Vidudu vidogo kama mbu, haviumi, lakini wingi wake hausemeki. Vinazaliwa majini, vinapanda angani vyote kwa pamoja, ukiviona kwa mbali utaapa ni moshi. Masikioni, puani, ndani ya nywele. Yule mama anapepeta ungo hewani, huku na huku, vinanata, anavikusanya, anaviminya. Moshi ulipopita, mkononi alikuwa na donge jeusi kama ngumi. Wao wanakaanga, wanakula, ladha yake kama samaki. Akanishika mkono akaniwekea lile donge.

"KIWANDA CHAKO HICHO," akasema. "KITAFUTIE MAFUTA."

Nililishika lile donge njia nzima iliyobaki. Tulipokaribia nchi kavu akainama, na ndiyo mara moja tu nilimsikia akisema chini kama watu wengine: "Boti hili linarudi keshokutwa. Rudi nalo. Humu ndani tumecheka, tukishuka tumesahau. Huko kwenu hakuna atakayejua."

Ulikuwa ushauri mzuri, sijawahi kupata mzuri kama huo. Nikaukataa. Nitarudi kwa mama na nini? Maharage yako mikononi mwa mwenye boti. Nitamwambia nini Kastori? Moshi uliisha pale katikati ya ziwa, mwanangu, niliuona kwa macho yangu ukiwa donge. Kuanzia pale hadi ng'ambo nilivushwa na aibu.

Nilipokelewa na bibi mmoja wa kijiji cha wavuvi, karibu na Nkhata Bay. Macho yake yalikuwa yamefifia, na alikuwa na mjukuu wa rika langu, anaitwa Esinati. Wakanipa kona ya kulala, wakanipa kazi ya kuanika dagaa kwenye vichanja na kufukuza ndege. Dagaa wale wale wanaouzwa Lipingo. Jua lile lile. Ugali wao mweupe zaidi, hilo nakubali. Jina langu hawakuliweza, au hawakulitaka, wakaniita Mbuji.

Esinati alikuwa mcheshi, hatulii, kama wewe. Kiswahili alikiokota kwa watu wa maboti, kwa hiyo matusi yote alikuwa anayajua na salamu hajui. "Iwe, Mbuji! Huyo ndege anakula mshahara wako!" Iwe kwao ndiyo wewe. Tukaelewana. Miezi ikapita. Kila siku naambiwa na moyo nirudi, kila siku nauambia moyo kesho.

Asubuhi moja, mvua imekatika usiku, hewa safi, ng'ambo yetu ikaonekana. Milima yetu yote, mwanangu, imejipanga, ya bluu. Na juu yake kitu cheupe kinapanda polepole, kinanyooka, kinakatika, kinapanda tena. Mimi nilijua ni nini. Ulikuwa ukungu wetu. Nilijua pale ulipo ukungu ule, mama ametoka na jembe, na miguu yake imelowa.

Esinati akaacha dagaa. "Iwe, Mbuji. Milima yenu inatoa moshi."

Nikaendelea kugeuza dagaa.

"Moshi mweupe. Mara nyingi nauona asubuhi. Kungu hawawi weupe, na kungu hawakai mlimani." Akageuka. "Ni viwanda?"

Umesikia? Neno lile lile! Yeye mtoto wa ziwani, kungu hawawezi kumdanganya hata akiwa usingizini. Lakini baridi ya mlimani hajawahi kuiona, ukungu hajawahi kuushika. Nilichotakiwa kusema ni neno moja. Na unajua nilifanya nini? Nilihisi miwani myeusi imekuja yenyewe ikakaa puani kwangu.

"Eee," nikasema. "Viwanda."

"Na wanawake wanachukuliwa?"

"Eee. Wanawake ndio hasa."

Nikanogewa. Siku zilizofuata nikaongeza. Mbuji kuna taa. Mbuji kuna mashine inachimba yenyewe. Mama yangu ana wanawake wengi chini yake, yeye anasema neno moja tu wote wanainama. Maana ukiniona mimi pale, naanika samaki wa watu, nala ugali wa watu, nilikuwa nani? Mwizi wa mbegu. Lakini kama kwetu ni pakubwa, basi mimi ni mtu mkubwa aliyekuja kutembea. Kila uongo ulininyanyua kidogo. Sikufikiri kwamba mwenzangu anasikiliza kwa miguu.

Siku moja asubuhi Esinati hakuja vichanjani. Alikuja bibi yake. Alikuwa anatembea akishika kichanja kimoja, anaachia, anashika kingine, mpaka akanifikia. Akaniambia mjukuu wake amevuka alfajiri na boti la dagaa. Amesema anakwenda kwenye viwanda vya kwetu. Akaniuliza atapokelewa na nani.

Mwanangu, unajua mimi naiga kila mtu. Katekista naiga, mwenyekiti wa kijiji naiga, mama yako akiwa amekasirika naiga. Sauti ya yule bibi sijawahi kuiiga. Nimejaribu. Haitoki.

Nikamwambia, "Bibi, hakuna viwanda. Ule ni ukungu. Ni baridi tu ya mlimani."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Hakunipiga. Hakunitukana. Alibaki ameshika kichanja. Kastori labda hakujua, unaona, labda naye alipigwa na moshi wake mwenyewe. Mimi nilijua. Na sasa kuna msichana kaacha bibi asiyeona, yuko njiani peke yake, anatafuta mahali nilipopajenga kwa mdomo.

Hiyo ndiyo iliyonirudisha. Watu wengi hapa wanadhani nilirudi kwa sababu ng'ambo kulinishinda. Nilirudi kumtafuta Esinati. Mwenye boti sikuwa na cha kumpa, nikachota maji yaliyoingia ndani ya boti lake njia nzima, mpaka viganja vikachubuka. Nikapanda mlima bila kupumzika. Njiani nauliza, "Mmemwona msichana mgeni?" Wananiambia, "Yule anayetafuta viwanda?" Wanacheka. Kila kijiji wanacheka, na kila wakicheka mimi nachomwa. Maana nilijua kila mahali walipocheka, na yeye alisimama pale pale, akasikia.

Nikafika kwetu. Majani yalikuwa yamekatwa tena, yamepangwa tena, mwaka umezunguka. Ule upande nilioacha haujafukiwa, mvua ya mwaka uliopita ilikuwa imeukata. Lile korongo nyuma ya nyumba ya mjomba wako, mnalosema limekuwepo tangu dunia kuumbwa? Ni langu lile. Mama alikula maharage ya kuomba mwaka mzima.

Na ndani ya ngoro, mpaka kiunoni, namwona mtu anachimba vibaya. Anatupa udongo upande siyo. Amevaa sweta langu, bado anatetemeka. Mama yuko ngoro ya pili, hainui kichwa. "Kushoto." Pu! "Kushoto." Pu!

Esinati akaniona. Akasimama na jembe. "Iwe, Mbuji! Kiwanda kiko wapi?"

Nikakosa pa kuficha uso.

"Nimeshuka kwenye boti nauliza, wanacheka. Nimepanda mlima nauliza, wanacheka. Nimelia! Nilipomtaja mama yako wa neno moja, mzee wa samaki ndiye kaniambia, binti, huyo mama namjua, twende. Kiwanda kiko wapi, iwe? Ni hiki shimo?"

Mama akapumzisha jembe. Nikapiga magoti kwenye udongo, nikasema, "Shikamoo, mama." Alikawia kuitikia. Akanitazama mimi, akamtazama Esinati, akasema maneno ambayo kwake yeye yalikuwa hotuba:

"Ulichukua maharage. Umeniletea mtu." Akainama. "Chukua jembe. Nyie wawili mfukie mpaka kule chini. Halafu mmoja wenu ana bibi, arudi kwa bibi yake."

Tukafukia, mwanangu. Mlima mzima. Tukapanda kwa mbegu za kuazima. Nilimpeleka Esinati mpaka ziwani mimi mwenyewe, nikahakikisha amekaa ndani ya boti. Akamkuta bibi yake yupo, anamsubiri palepale vichanjani. Akamtunza mpaka akamzika.

Na baada ya hapo? Siku moja tuko shambani tunasikia mtu anahema huku anapanda. Esinati! Kaja na begi na sweta lake mwenyewe, zito. "Nimekuja," akasema. "Najua hakuna taa. Najua kuna baridi. Najua mama yako haongei. Najua na ngoro zinavunja kiuno. Nataka kukaa huku." Safari hiyo hakumwuliza mtu habari za moshi.

Eee, ndiye huyo huyo. Bibi Esinati wa pale mbugani, unayemwamkia kila siku, unayedhani alizaliwa hapa. Sasa unajua kwa nini kila akipita mlangoni ananiuliza kiwanda kimefunguliwa. Miaka yote hii hajawahi kunisamehe bila kwanza kunicheka.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana nataka kusema waziwazi.

Mwenzako Zuhura, binti wa duka la vitambaa Mbinga mjini, yuko Uarabuni, anakutumia sauti kwenye simu. Nimezisikia. "Shogaaa, huku raha, njoo tu!" Na picha ya jengo la vioo. Nimesikia pia maswali yako. "Kazi zipo?" Eee. "Hawasumbui?" Eee, hawasumbui. Mwanangu, hayo si maswali, hayo ni mgongo unaoutoa usukumwe. Mpigie leo, umwulize vitu vidogo. Jana ulikula nini, na ulikula saa ngapi? Unalala chumba gani, na ufunguo wa mlango unakaa na nani? Siku ya kupumzika ulikwenda wapi? Akikujibu haraka, vizuri. Akinyamaza, usimkasirikie. Huenda na yeye ameshika donge mkononi na hana pa kulitupa. Mwambie anaweza kurudi na hakuna atakayemcheka. Mimi nitamcheka kidogo tu, nimezoea.

Na umtafute yule mtu unayemkwepa. Kila mtu ana mzee wake wa samaki. Wako unamjua, wewe mwenyewe umeniambia habari zake: yule mama mwingine wa Kihagara, siyo wa boti langu, aliyerudi kutoka Uarabuni mwaka jana, hutaki hata kupita njia yake. Mpitie. Kama baada ya maneno yake miguu bado inawasha, basi ni miguu ya kwenda kweli.

Ukienda, fukia kwanza. Umeanza kumfundisha mdogo wako kusoma, malizia. Kahawa ya mama yako imeiva, mvunie. Na cha kupandwa kesho nyumbani usikichukue kuwa nauli. Mengine yote chukua, hata hili blanketi langu.

Na usiende kwa aibu, wala usibaki kwa aibu. Mimi sikuvuka tena ziwa lile. Watu wanasema ni busara. Siyo busara, nilikuwa naona haya, na mpaka leo asubuhi nikitoka nje natazama ng'ambo, na miguu hii mibovu inawasha. Kwa hiyo sikuambii ubaki. Esinati alihama nchi mara mbili kuja mlima mmoja. Mara ya kwanza aliletwa na mdomo wangu. Mara ya pili alijileta, na hiyo ya pili ndiyo imemzalisha watoto sita.

Ukishafika huko, siku moja binti wa hapa atakuuliza kwenye simu, "Dada, huko kuna raha?" Na wewe siku hiyo utakuwa umechoka, utatamani kuonekana mkubwa. Nakuomba, mjukuu wangu, kwa macho ya yule bibi aliyeshika kichanja: mwambie ulichokula jana.

Haya, toa simu yako. Mimi nitanyamaza, ingawa kunyamaza kunaniua.

Mungu akuonyeshe kitu chenyewe kabla hajakuonyesha moshi wake. Ukienda, upokelewe na mtu wa kukuvika sweta kabla ya kukuuliza umetoka wapi. Ukibaki, ubaki umesimama wima, macho hayaogopi kutazama ziwani. Na siku utakayorudi, uwe umeleta kitu au hukuleta, mlango huu usukume tu, haufungwi kwa ufunguo. Amina. Piga sasa.